Faili la Mathcad la mwaka 2003 na wekundu uliotoweka

SWALI: Mimi ni mhandisi wa ujenzi, niko Morogoro. Ofisi yetu imerithi folda ya hesabu za mzee wetu aliyestaafu: kuta za kuzuia udongo, makalvati, boriti. Zote zinaishia na .mcd, yaani ni za Mathcad, programu ya kuandikia hesabu za kihandisi; nyingine ni za 2003. Kompyuta mpya ina Mathcad Prime na haizitaki. Nimebadili mwisho wa jina kuwa .mcdx, bado imekataa. Kuna kijana mjini anasema kwa shilingi 30,000 ataniwekea Mathcad ya zamani isiyodai leseni, na "zitafunguka zote". Nifanyeje zifunguke?

JIBU: Mhandisi, kufungua ni kazi ya asubuhi moja, kwa hiyo tuimalize upesi ili nipate nafasi ya kusema linaloniudhi.

Prime ilitoka Januari 2011 kama programu iliyoandikwa upya. Usiidhanie kuwa ni Mathcad 15, ile ya mfumo wa zamani, iliyopakwa rangi. Faili la .mcdx kwa ndani ni kifurushi cha zip chenye vipande vya XML; .mcd ya mzee wako ni kitu kingine kabisa. Ulipobadili jina ulibandika lebo ya alizeti kwenye dumu la mafuta ya taa. Programu imenusa, ikakataa, na uishukuru kwa hilo.

Njia halali ni kigeuzi kinachokuja na Prime yenyewe. Ofisi nyingine ikiwa na Mathcad 15 ya halali, waombe wafungue mafaili yako pale kwanza, wayahifadhi kama .xmcd, ndipo uyapeleke kwenye kigeuzi. Matoleo ya mwanzo ya Prime hata yalidai Mathcad 15 iwe imewekwa kwenye kompyuta hiyohiyo. Wakati bado mko kwa hao wenye 15, chapisha kila faili kuwa PDF kabla ya kugusa chochote. Nitaeleza kwa nini.

Sasa hilo linaloniudhi. Kila anayeniandikia huuliza kama wewe: zifungukeje. Faili likishafunguka, na wekundu ambao Mathcad huonyeshea makosa ukaisha, anafuta jasho, anaweka jina la mradi mpya juu, anapeleka kazi kwa mteja. Kwa watu wengi, faili lisilo na nyekundu ni faili zima. Sijui imani hii ilitoka wapi, ila nimeikuta hata kwa wahandisi wenye mihuri.

Niliwahi kuletewa hesabu ya ukuta wa kuzuia udongo niikague. Karatasi ilikuwa imetoka Mathcad 14 kwenda Prime, safi, haina doa. Mwandishi wa awali alikuwa ameweka kisanduku cha kuchagulia aina ya udongo: unachagua mchanga, pembe ya msuguano inakuja yenyewe. Prime ya wakati huo haikuwa na visanduku hivyo, na kigeuzi kikikutana na kitu kisichokijua hukiweka kama picha. Picha haihesabu. Kwa hiyo chini yake kila kitu kiligeuka chekundu, kwa sababu pembe haikuwa imetajwa popote. Kijana aliyekuwa kwenye kiti alifanya nini? Akasoma 35° kwenye ile picha, akaiandika kwa mkono mstari wa chini. Nyekundu ikaisha. Miezi kadhaa baadaye karatasi hiyohiyo ikatumika mahali pengine, udongo wa mfinyanzi, pembe 25°. Aliyeitumia aliona picha ya kisanduku, akaandika aina ya udongo kwenye maelezo, akaendelea. Mgawo wa msukumo wa udongo kwa 35° ni 0.271, kwa 25° ni 0.406. Ukuta ulikuwa umehesabiwa kwa theluthi mbili tu ya msukumo halisi, na karatasi nzima ilikuwa nyeusi tii kama hati ya benki.

Wekundu ulikuwa unasema kweli. Aliyeuzima ndiye aliyedanganya.

Vipimo ni shimo la pili, na wazee wetu waliacha mashimo mengi hapa kwa sababu walifanya kazi na kanuni za Kiingereza ambazo namba zake zimefungwa kwenye milimita. Chukua BS 8110, kanuni ya Uingereza ya majengo ya zege, nguvu ya mkato kwenye boriti: kuna kipande cha 400 kugawa kwa kina d, chote kwa kipeo cha robo. Hiyo 400 ni milimita. Mzee aliyeandika d kuwa 450 tupu, bila kipimo, alipata 0.97 na akalala usingizi. Leo kijana anaona programu inajua vipimo, anaongeza "mm" mbele ya 450, na hapo hapo inalalamika kwamba vipimo havipatani. Ilivyo sahihi ni kugawa d kwa mm ndani ya mabano. Lakini nimeona watu wakivua kipimo kwa ujanja mwingine, programu ikabaki na namba ya kipimo chake cha msingi, yaani mita: 0.45. Sasa kipande kile kinatoa 5.46. Boriti imepata nguvu zaidi ya mara tano kwa kubonyeza vitufe viwili, na ringi za chuma za kuzuia mkato zinaonekana hazihitajiki. Toleo la 12 la Mathcad la mwaka 2004 lilipoanza kukagua vipimo kwa ukali, watu walilitukana kwelikweli kwa sababu karatasi zao za siku zote ziligeuka nyekundu. Mimi nililipenda.

Kwenye makalvati yako angalia milinganyo inayotatuliwa kwa kukisia. Maji ya mita za ujazo 2 kwa sekunde kwa kila mita ya upana, yenye nishati mahususi (kina pamoja na nishati ya mwendo) ya mita 1.5, yanaweza kupita kwa kina cha mita 1.40 au mita 0.44. Majibu yote mawili ni sahihi kihesabu. Utapata lipi inategemea ulipoanzia kukisia na njia ambayo programu inatumia kutafuta, na njia hiyo imebadilika kati ya matoleo. Hakuna nyekundu itakayokuambia umehamia upande wa pili. Hata zile hesabu za alama, zisizo na namba, zilibadilishiwa injini kwenye toleo la 14, kutoka Maple kwenda MuPAD, kwa hiyo usishtuke jibu likija na sura nyingine. Weka namba, ulinganishe.

Na wahasibu mnaosoma hapa msicheke, yenu ni mabaya zaidi. Mtu ana Excel ya zamani ya .xls, kiwango cha kodi amekipa jina VAT2004, na makro zake, zile programu ndogo zilizoandikwa ndani ya faili, zinakiita kwa jina hilo. Tangu Excel 2007 safu zinakwenda hadi XFD, kwa hiyo VAT2004 ni anwani ya seli, kule mbali kulia ambako hakuna aliyewahi kufika. Faili likigeuzwa, Excel hulibadilisha jina kwa kuliongezea kistari cha chini (_) mwanzoni, na fomula za kwenye seli zinafuata. Maandishi ndani ya makro hayafuati. Makro inakwenda kwenye ile seli tupu, inaokota sifuri, inarudi nayo. Kodi sifuri, kosa hakuna.

Hayo ndiyo ambayo kijana wako wa shilingi 30,000 hayajui wala hayamhusu. Ahadi yake ni "zitafunguka", na pengine atatimiza. Hawa wanaozunguka na flashi, pamoja na zile tovuti za "geuza faili lolote bure", wanauza kufunguka. Ukipakia hesabu za daraja la mteja kwenye tovuti kama hiyo umeshazigawa. Na programu iliyovunjwa leseni huwezi kuijua imeguswa wapi. Siku ya shauri utamwambia nani kwamba namba zako zilitoka humo?

Kwako basi. Usigeuze folda nzima. Chagua hesabu ambazo kweli mtazitumia tena, nadhani hazizidi kumi, nyingine ziache kama PDF kwenye kumbukumbu. Kila unayoigeuza, endesha kwa data zilezile za mzee na ulinganishe na PDF, na usiishie kwenye jibu la mwisho, pitia kila hatua. Kisha badilisha data moja moja, pembe, kina, kimo cha maji, uone kama kila kinachopaswa kusogea kimesogea. Kisichosogea kibofye; mara nyingi utakuta ni picha. Halafu chukua kikokotoo na kalamu upige mfano mmoja kwa mkono. Na mzee amestaafu tu, bado yupo: mpigie simu umuulize ile 450 aliiandika kwa kipimo gani.