Madodoso 400 Hayatokusaidia Ikiwa Shehia ni Mbili

SWALI: Assalaamu alaykum Mwalimu. Natokea Micheweni, na utafiti wangu wa shahada ya uzamili unahusu mwani. Mradi mmoja uliwajengea wakulima wa shehia moja vichanja vya kuanikia. Shehia ya pili bado wanaanika chini, juu ya mchanga na makuti. Wakulima wa shehia zote mbili ni kama 1,000. Kwa fomula ya Yamane nilipata sampuli ya watu 286, nikawagawa nusu kwa nusu, nikawauliza kipato chao. Kijana anayenifanyia uchambuzi akaniletea jawabu kwamba wenye vichanja wanapata zaidi, na p, yaani uwezekano wa tofauti kubwa kama hiyo kutokea kwa bahati tu, ni 0.000. Mtahini amenirudishia kazi, pembeni kaandika: "Sampuli yako ni 2." Sikumfahamu. Kijana ananishauri niongeze watu wafike 400, nimlipe tena arudie uchambuzi. Je, 400 watatosha?

JIBU: Waalaykumussalaam, mwanangu. Hawatotosha. Hata ukiwahoji wote 1,000 hawatotosha. Mtahini wako amekutendea wema kwa maneno hayo machache, na pesa ya kumlipa huyo kijana mara ya pili iweke, utaihitaji kwa kazi nitakayokutajia chini.

Swali lako nimelipokea kutoka kwa muuguzi, kwa mhandisi wa maji, kwa ofisa wa mradi wa vikoba na kwa mwalimu wa skuli, kila mara limevaa kanzu nyengine. Wote wanauliza "wangapi watatosha?" na hakuna hata mmoja anayeuliza alilinganisha nini na nini.

Fomula ya Yamane ina kazi yake, na mimi siichukii. Unataka kujua ni asilimia ngapi ya wakulima wanaotumia vichanja, unayo orodha ya majina yao wote, unawachagua kwa kura, na unaridhika jawabu likipotoka kwa pointi tano juu au chini: hapo itakwambia uhoji wangapi. Kazi yake imeishia hapo. Ndiyo maana ukiweka 0.05, yaani pointi hizo tano, jawabu lake halivuki 400, uwe na wakulima wa Micheweni au watu wote wa Tanzania. Haijui kama kuna kichanja. Haijui nani kapewa, nani kakosa, wala kwa nini huyu kapewa na yule kakosa. Wewe hukuuliza "asilimia ngapi". Umeuliza kama kichanja ndicho kilicholeta tofauti ya kipato. Umepeleka pishi kupimia kitambaa.

Sasa maneno ya mtahini. Vichanja havikugawiwa mara 286. Vimegawiwa mara moja tu: shehia hii ipate, ile isipate. Kwa hiyo kila kitu kinachozitofautisha shehia hizo mbili kimefungwa fundo moja na kichanja. Huenda moja inafikiwa na barabara na gari la mnunuzi linaingia mpaka ufukweni, nyengine mzigo hubebwa kichwani. Huenda moja ina maji ya kina na wanaweza kulima kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, wenzao wamebaki na spinosamu, aina yenye bei ndogo. Na nakuuliza jambo ambalo hukuliandika: mradi ulichaguaje shehia ya kuanzia? Nimeona miradi mingi, na mara nyingi inaanza pale ambapo sheha ni mchangamfu, kikundi cha akina mama kimeshasimama na gari inafika. Wakulima hao huenda walikuwa wanapata zaidi tangu kabla ya kichanja cha kwanza kupigwa msumari. Hakuna programu ya kompyuta inayoweza kulifungua fundo hilo, kwa sababu kwenye data yako hakuna hata shehia moja yenye kichanja isiyokuwa hiyo hiyo moja.

Chukua kalamu tufanye hesabu pamoja, kwani naona kuelezwa kwa maneno peke yake hakujakutosha. Watu wa shehia moja wanafanana: wanauza kwa mnunuzi mmoja, bahari yao moja, ugonjwa wa mwani ukiingia unawakamata wote. Kufanana huko hupimwa kwa namba kati ya 0 na 1. Tuseme kwenu ni 0.05, yaani kidogo tu. Kila shehia umehoji watu 143. Toa 1, zidisha kwa 0.05, kisha ongeza 1: unapata 8.1. Gawa 286 kwa 8.1. Watu wako 286 wana uzito wa watu 35 ambao wangechaguliwa bila ya kufungamana. Fuata sasa ushauri wa kijana, wawe 200 kila shehia. Kigawio kinapanda mpaka 10.95, na watu 400 wanakuwa na uzito usiofika 37. Utakuwa umetembea juani kuwahoji watu 114 zaidi ili upate uzito wa mtu mmoja na kidogo. Uwahoji wote 1,000 na hutofika 39. Na hapo nimekupimia kwa upole, kwani ukiwa na shehia moja kila upande, kufanana huko hata hakupimiki.

Kuhusu ile 0.000 iliyokufurahisha: kwanza si sifuri, programu imeishiwa nafasi za kuandikia, na kwenye ripoti huandikwa "chini ya 0.001". Pili, imekokotolewa kana kwamba kila mkulima alipigiwa kura yake peke yake. Kosa la mwanzo likishaingia, watu wakiongezeka namba hii huzidi kupungua na kosa halipungui hata chembe. Hili ndilo linaloniuma khasa, kwa sababu wanafunzi wanaiona p ndogo kama muhuri wa kadhi, na baada ya hapo hawaulizi tena.

Huna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa kazi iliyofanywa sawasawa, kwani upo hapa hapa visiwani. Kati ya mwaka 2011/12 na 2017 ulifanywa utafiti mkubwa wa kichocho Unguja na Pemba. Swali lao lilikuwa la namna ya lako: tukiongeza kuua konokono wanaoeneza kichocho, au tukiongeza elimu ya kubadili tabia, juu ya dawa ya prazikwanteli inayogawiwa mara mbili kwa mwaka, kichocho kitashuka zaidi? Walichukua shehia 90, 45 kila kisiwa, wakazigawa kwa kura makundi matatu: dawa peke yake, dawa na konokono, dawa na elimu. Walielewa kwamba konokono huuliwa kwenye bwawa la shehia nzima, kwa hiyo kinachohesabiwa ni shehia. Baada ya miaka mitano kichocho kilikuwa kimeshuka katika makundi yote matatu, na hakuna kundi lililoyazidi mengine kwa kiasi cha kutegemewa. Fikiri kama wangekwenda kwenye shehia moja iliyouliwa konokono, wakapima kabla na baada. Wangeona kichocho kimeporomoka, wangeipa kazi ya kuua konokono sifa yote, na serikali ingepanga bajeti kwa jawabu hilo.

Wewe huna fedha za shehia 90, nalijua hilo. Lakini lipo swali dogo ambalo unaweza kulijibu vizuri, na msimamizi wako akikubali ubadilishe kichwa cha utafiti. Nenda kwa wakulima wakati wa bamvua, wanapovuna. Muombe kila mkulima aliye tayari agawe mavuno yake mabichi mafungu mawili sawa kwa mizani. Rusha sarafu mbele yake: fungu hili kichanjani, lile chini kwenye makuti kama kawaida. Kisha pima: siku ngapi mpaka kukauka, uzito baada ya kukauka, mchanga kiasi gani ukikung'uta, na mnunuzi anatoa bei gani kwa kilo. Magunia yaandike namba tu, anayepima na anayetoa bei wasijue lipi limetoka wapi. Hapo kila mwanamke analinganishwa na nafsi yake, bahari ile ile, mbegu ile ile, jua lile lile. Wanawake 30 kwa mtindo huu watakwambia mengi kuliko madodoso 400. Pesa ya yule kijana nunulia mizani nzuri, na mlipe mkulima akipata hasara kwa fungu lililoharibika.

Hutokuwa umepima kipato cha kaya, na usidai umekipima. Kwa kipato, waulize wenye mradi kama wanakusudia kupeleka vichanja shehia nyengine. Kama jibu ni ndiyo, na vifaa haviwezi kufika kote kwa siku moja, waombe wapange zamu kwa kura, karatasi zichotwe mbele ya masheha. Wanaosubiri zamu ndio watakuwa walinganishwa wa waliotangulia, na hakuna atakayenyimwa. Tafuta pia madaftari ya wanunuzi ya misimu ya kabla ya mradi kwa shehia zote. Data uliyoikusanya usiitupe. Iandike kama maelezo ya hali ya shehia mbili, bila neno "athari" na bila p.

Naomba sasa nizungumze na wengine wanaosoma, kwa sababu huyu mwanafunzi angalau kauliza.

Kumezuka biashara ya kuuza sura ya nne ya tasnifu, ile ya matokeo. Mtu ana kompyuta, ana programu ya takwimu, unampa madodoso, siku mbili anakurejeshea majedwali yenye nyota, alama za p ndogo. Hakuulizi ulikusanyaje, nani kapangwa wapi, nani kakataa kujibu. Nimeshasoma kazi ambazo majedwali yake yalikuwa safi kupita kiasi, na mwenye kazi alipoulizwa kila safu ina maana gani alinyamaza. Sitomhurumia mtu anayechukua pesa ya mwanafunzi kwa kazi hiyo. Anachokiuza ni namba, na namba bila mpangilio wa ulinganisho haina inachokipima.

Wahandisi nao wasijione wamesalimika. Vipande vitatu vya zege vilivyomwagwa kutoka toroli moja, vikavunjwa baada ya siku 28, vinakupa habari za toroli hiyo. Nguzo iliyomwagwa wiki iliyofuata, kwa mchanga wa lori jengine ambalo huenda lina chumvi, haimo humo. Ni kosa lile lile la shehia mbili, limehamia kwenye jengo la watu.

Na wauza dawa wanaozunguka na sauti za simu, "fulani kapona sukari, fulani kapona mgongo", hao wananikera kuliko wote. Anayerudi kutoa ushuhuda ni aliyepata nafuu. Aliyezidiwa yuko kitandani, na aliyekufa hatoi sauti. Tena mtu hutafuta dawa siku mgongo umembana kupita siku zote. Kesho yake ungemlegea kidogo hata angekunywa maji ya kisima. Pasipo kundi la kulinganishia, nafuu hiyo yote inaandikwa kwa jina la chupa.

Wako wanaoniambia, "Mwalimu, jambo lenyewe liko wazi, kwani kila kitu lazima kipigiwe kura?" Nawajibu kwa Pemba. Watoto wadogo wana upungufu wa damu, madini ya chuma yanaongeza damu. Nani angebisha kuwapa wote? Utafiti wa Pemba uliwagawa kwa kura watoto wa umri wa mwezi 1 hadi 35, wengine wakapata chuma na asidi ya foliki, wengine vidonge visivyo na dawa. Watoto 24,076 waliingia kwenye hesabu. Mwezi wa Agosti 2003 kamati iliyokuwa ikiangalia usalama ilishauri makundi ya chuma yasimamishwe. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2006, watoto waliopewa chuma walikuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 12 ya kufa au kulazwa kwa maradhi, katika kisiwa ambacho malaria wakati huo ilikuwa nyingi. Ndani ya utafiti huo huo, watoto waliokuwa na upungufu wa kweli wa chuma na damu walionekana kufaidika. Kwa hiyo mama mjamzito asije akaacha vidonge vya chuma alivyopewa kliniki kwa kunisoma mimi. Lililoonekana ni kwamba kumpa kila mtoto bila kumpima, mahali penye malaria kali, kulidhuru, na miongozo ya dunia ilibadilishwa baada ya hapo. Bila ya kundi la vidonge visivyo na dawa, watoto waliolazwa wangehesabiwa ni malaria ya kawaida tu, na ugawaji ungeendelea.

Basi nyinyi mnaopokea ripoti, wizarani, halmashauri na kwenye miradi: kabla hamjafungua sura ya nne, tafuteni ukurasa unaosema nini kiligawiwa, kiligawiwa kwa mtu au kwa shehia, nani aliamua nani apate, na zilikuwa ngapi kila upande. Ripoti isiyokuwa na ukurasa huo irudisheni kwa mwenyewe, hata ikiwa na madodoso 4,000 na nyota kila jedwali.