Dudu kobe na nyigu wadogo kwenye sukuma: wanagombana kweli, lakini usimfukuze hata mmoja

Mkuu, umeuliza kama ukiwaacha dudu kobe (wale mbawakawa wadogo wa mviringo wenye madoa) na wale nyigu wadogo pamoja kwenye robo eka yako ya sukuma wiki wataishia kulana wenyewe huku vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa majani, wakinenepa. Nalima sukuma na kabichi huku Arumeru, Arusha, mwaka wa saba sasa, na mimi hofu hiyo niliwahi kuwa nayo.

Ni kweli mmoja anamla mwenzake. Dudu kobe hachagui: kidukari ambaye nyigu ameshamtagia yai tumboni, kwake ni chakula kama wengine. Ila wawili hawa hawafanyi kazi ya aina moja. Dudu kobe anapenda vidukari wakiwa lundo. Anakula makumi kwa siku, na buu wake mweusi mwenye mabaka naye hali kidogo. Wakibaki vidukari watatu hapa, wawili kule, anaruka zake kwenda kwa jirani. Hapo ndipo nyigu anapoonekana thamani yake, maana anawafuata hao waliobaki mmoja mmoja hadi ndani ya jani changa lililojikunja.

Waliolima mihogo wanaujua ushahidi mkubwa kuliko wangu. Kidung'ata wa mihogo, mdudu mweupe kama unga anayefyonza utomvu, aliingia Afrika kutoka Amerika Kusini miaka ya 1970. Dudu kobe wa kienyeji walimla, lakini hawakummaliza. Aliyemtuliza ni nyigu mdogo aliyetolewa Paraguay na kuachiwa Nigeria mwaka 1981 na watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha tropiki. Hans Herren, aliyeongoza kazi ile, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.

Sasa shambani kwangu. Mwaka wa pili niliona vidukari wamejaa kama ukungu wa kijivu chini ya majani nikakimbilia dawa kali niliyouziwa dukani. Siku tatu shamba likawa safi. Baada ya wiki mbili vidukari walirudi wengi kuliko mwanzo, kwa sababu jike huzaa watoto hai bila kuhitaji dume, na wa kuwala nilikuwa nimeshawaua. Nilipoteza matuta manne. Iliniuma sana, na ndiyo maana nakuomba uweke bomba chini kwanza.

Geuza jani. Ukiona kidukari amevimba, amekauka, rangi ya majani makavu, amegandia palepale, huyo si mzoga wa kufuta. Ndani yake kuna nyigu anakua. Akikomaa anakata tundu mgongoni na kutoka. Tazama tundu hilo kwa makini: likiwa la mviringo, kingo laini, mara nyingine na kifuniko bado kinaning'inia, ni rafiki yako aliyetoka. Likiwa limechanika ovyo, aliyetoka ni nyigu mwingine anayemla huyo rafiki. Majani yenye matundu ya kuchanika mimi nayatoa shambani. Yenye maganda mazima, yaani vidukari waliogandia ambao bado hawana tundu, siwapi ng'ombe hata siku moja. Nayalaza kivulini kati ya matuta ya miche mipya kama siku kumi, nyigu watoke wapate kazi mbele yao.

Kwenye lundo kubwa la vidukari nabana jani kwa vidole au napangusa kwa kitambaa cha maji ya sabuni, jani hilo tu. Usipulize sabuni shamba zima, inaweza kuua na baadhi ya rafiki zako. Na usiokote dudu kobe kwa jirani kuwamwaga kwenye tuta ambalo nyigu ndiyo kwanza wameanza kugandisha vidukari. Waache waje wenyewe wakifuata lundo la vidukari. Ukiwamwaga, ndipo ule ugomvi unaouogopa unaumiza.

Jambo lingine ni maua. Nyigu akishakomaa anakunywa utamu wa maua, na nzi wa maua pia, ambao mabuu yao wanakula vidukari vizuri sana. Naacha giligilani ichanue kila mwisho wa tuta. Tangu nianze hivyo, maganda ya kahawia yanaonekana mapema zaidi kila msimu.

Kesho asubuhi geuza majani kumi kwenye pembe nne za shamba na katikati, hesabu walio hai na waliogandia, kisha rudia baada ya siku saba. Waliogandia wakiongezeka, subiri. Piga picha ya matundu kwa karibu uiweke hapa, nitakuangalizia.