Jibu la swali la wiki: Waje Muheza kwanza

Mhariri, swali lenu limenigusa pabaya. Mmeuliza: vyama vya udugu na hisani kama Freemason, Lions na Rotary vinahudumia jamii, mbona vinakosa wanachama wapya, hasa vijana, na vifanye nini? Nilikusudia kuandika sentensi moja tu: waache usiri, watu watajaa. Nimeshika kalamu, mambo yamekuwa mengi.

Tuanze na Freemason, maana ndio wenye kelele. Mimi hata nikitaka siwezi; matawi yanayofuata utaratibu wa London, ambayo ndiyo yaliyotapakaa Afrika Mashariki, ni ya wanaume watupu. Mwanamume naye hapiti mlangoni hivihivi. Apate wanachama wa kumdhamini, ahojiwe, apigiwe kura, na awe anamwamini Mungu. Dini na siasa hazijadiliwi kikaoni. Sasa nenda stendi yoyote uangalie nguzo za umeme: "Jiunge na Freemason upate mali," na namba ya simu chini yake. Ukipiga unaambiwa utume ada ya usajili, kesho ya pete, keshokutwa ya mafuta. Matapeli ndio wamekuwa wasemaji wa chama kwa sababu wenyewe walinyamaza.

Hata hivyo, si wote walionyamaza. Marehemu Sir Andy Chande, mzaliwa wa Mombasa aliyekulia Bukene kule Tabora, aliwaongoza Freemason wa Afrika Mashariki miaka mingi na hakujificha. Alihojiwa na magazeti, akaandika kitabu cha maisha yake. Huyu ndiye ambaye biashara ya familia yake ilitaifishwa mwaka 1967, kisha Mwalimu Nyerere akamtaka aendeshe shirika la umma la usagishaji, naye akakubali. Alifariki mwaka 2017. Mtaje leo kijiweni uone: utaulizwa habari za kafara kabla hujamaliza kutamka jina. Kwa hiyo ile sentensi yangu ya "waache usiri" naona imeanza kunilegea.

Nisemee ninalolijua kwa macho yangu. Miaka kadhaa iliyopita ilikuja kambi ya macho huku kwetu Muheza. Klabu moja ya hisani kutoka mjini, si Freemason, ilileta madaktari wakakaa kwenye madarasa ya shule ya msingi. Gari la matangazo lilizunguka siku nzima: bure, bure, bure. Hilo neno ndilo lililoharibu. Jioni balozi wetu wa nyumba kumi akapita nyumba kwa nyumba akinong'ona kwamba hao ni wale wale, wanang'oa macho ya wazee wakauze. Mke wa jirani akamfungia baba yake chumbani asije akatoroka kwenda.

Shangazi yangu alikuwa haoni kitu zaidi ya mwanga wa mlango. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Nilimbembeleza usiku kucha. Akaniambia, "Mwanangu, jicho lenyewe halioni. Wakilichukua watakuwa wameiba nini?" Asubuhi tukaenda.

Foleni ilianzia chini ya mwembe. Msichana mwenye kizibao cha nembo mgongoni alimwonyesha ile karatasi ya herufi E zilizogeuzwa huku na huku. Shangazi akauliza karatasi yenyewe iko wapi. Ndani wakammulika tochi, wakamtia matone, kisha wakambandika plasta kwenye paji la uso juu ya jicho la kulia na kuiandika kwa kalamu, ili wakifika hospitali asipasuliwe lisilohusika. Ile plasta sasa! Kila mzee aliyetoka nayo watu walimwangalia kama aliyepigwa chapa ya kuchinjwa. Wawili waliibandua wakaondoka zao. Shangazi aliishikilia kwa kidole mpaka tulipopanda gari.

Upasuaji wenyewe haukuchukua hata muda wa kuinjika sufuria ya ubwabwa. Alilala wodini na bandeji. Kesho yake nesi akaibandua, akasafisha, akamuuliza anaona nini. Shangazi hakumwangalia nesi wala mimi. Aliinama akatazama kanga zake. Aliyojifunga ilikuwa ya maua mekundu, aliyojitanda ilikuwa ya bluu, doti mbili tofauti kabisa. Akaniinulia uso: "Na wewe ulikuwa unaniona nikipita hivi msibani, harusini, ukanyamaza?" Wodi nzima ilicheka, na wenye bandeji wakaanza kupapasa nguo zao.

Halafu akauliza jambo ambalo sijapata jibu lake. Alitaka jina la aliyelipa, amwombee dua. Nesi hakujua. Wale wa vizibao walikuwa nje wakipiga picha na wagonjwa mbele ya bango, wakatupanga, wakasema tutabasamu, wakatuombea heri na kuondoka kabla ya adhuhuri. Bango walilikunja wakaenda nalo. Hakuna aliyekaa akanywa chai nasi, akauliza hapa mnazikana vipi, mnakopeshana vipi. Walipokuja tena mwaka uliofuata, hawakuhitaji gari la matangazo. Shangazi mwenyewe alipita kwa wazee wenzake, akaanzia kwa balozi.

Ndiyo maana swali lenu naona limekaa kombo. Mnauliza vyama vitapataje watu, wakati watu walishaonekana, wakapigwa picha. Klabu za namna ile hukutana hotelini, chakula cha mchana, Kiingereza kingi, na ada ambayo kwetu ni mtaji wa genge. Wakati huohuo kikoba chetu, kikundi cha kuweka na kukopeshana, hakijawahi kubandika tangazo na kuna wanaosubiri nafasi. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu wa nyumba tofauti. Hisa zinanunuliwa mbele ya macho ya wote, na mfuko wa jamii unatoka siku hiyohiyo ya msiba. Msituambie watu wa pwani hatujui mambo ya vyeo na magwaride. Babu zetu walikuwa na beni kuanzia Lamu mpaka Tanga na Dar es Salaam, vyama vya ngoma kama Marini na Arinoti, wenye makingi na makanali wao na sare zao, wakishindana kwa ngoma na karamu na kusaidiana msibani. Mkoloni aliwashuku kama balozi wetu alivyowashuku wale wa kambi ya macho. Vijana waliingia kwa sababu ngoma ilipigwa mtaani kwao.

Tena kukosa watu si shida ya huku peke yake. Marekani Freemason walikuwa zaidi ya milioni 4 mwaka 1959. Leo hawafiki milioni 1. Rotary ilianzishwa Chicago mwaka 1905, Lions hukohuko mwaka 1917, na zote mbili zilikuja kuwafungulia wanawake mlango miaka ya themanini mwishoni. Kwa Freemason sijui nisubiri miaka ya themanini ipi.

Hadi hapa mtadhani nasema watu wasijiunge. Nilidhani hivyo na mimi nilipoanza aya ya pili. Lakini vikoba vyetu, na nasema kama mweka hazina, havijawahi kumpasua mtu jicho. Tunazikana vizuri sana, kutibu hatuwezi. Kijana wa dada yangu, fundi simu pale mjini, amealikwa na klabu mojawapo na ameniomba ushauri. Nimemwambia aende, ila kwa masharti yangu. Asitume hela kwa mtu ambaye hajamwona. Aulize ada ya mwaka mzima kabla hajavaa kizibao. Na kambi ijayo ikiletwa Muheza, awazuie wenzake wasiondoke kabla ya chai, tena awaambie bango waliache, shangazi anataka kulisoma.

Mimi mwenyewe sitajiunga. Labda wahamishie kikao Jumamosi jioni, baada ya kikoba, na wazungumze Kiswahili. Hapo mniulize tena.

Msomaji wenu, Muheza, Tanga