Jibu: Kutembea jioni kunatosha kulinda moyo?
Ndugu, umeuliza kama kutembea jioni kunatosha huku ukiendelea na sigara mbili tatu kwa siku. Hakutoshi. Endelea kutembea kwa kasi, angalau dakika 150 kwa wiki, lakini hata sigara moja kwa siku huumiza kuta za mishipa na kufanya damu igande kwa urahisi. Anza kwa kuacha sigara, tafadhali. Mwaka mmoja baada ya kuacha, hatari ya ugonjwa wa moyo huwa karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta, na hilo halipatikani kwa mazoezi pekee. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, pamoja na iliyofichika kwenye vyakula vya pakiti. Na upime presha hata ukijisikia mzima. Mara nyingi ikipanda haioneshi dalili yoyote.