Riwaya Yangu Imekamilika Ndani ya Programu Iliyotelekezwa

Dada mmoja wa Ukerewe ameniandikia wiki hii. Anaandika riwaya, ana laptopu ya mtumba yenye Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, na kila anayemuuliza anamwambia Scrivener, programu ya kuandikia vitabu, upande wa Linux ilishakufa, asipoteze bando. Nimjibu hapa ili na wengine msome: inafanya kazi. Mwezi uliopita nimemaliza riwaya yangu ndani yake, hapahapa Nyakato, Mwanza, na naona fahari kulisema.

Scrivener ni ya kampuni ya Uingereza, Literature & Latte. Ilitoka mwaka 2007 kwa ajili ya Mac, ikafika Windows mwaka 2011. Ya Linux ilibaki ya majaribio, ikaishia toleo la 1.9.0.1. Siwalaumu, tuliokuwa tukiitumia tulikuwa wachache. Lakini mwandishi wa riwaya ndefu akishaizoea haachi, kwa sababu unaigawa kazi vipande vidogo, kisha unavipanga na kuvipangua kama wanavyofanya akina mama wa Mwaloni Kirumba na mafungu ya dagaa, mpaka hadithi ikae sawa.

Kuna fundi mmoja hapa mjini nilimpelekea mashine. Alicheka mbele ya wateja wake. "Dada, Linux ni ya watu wa mitandao. Niachie niifute, nikuwekee Windows." Mswada wote ulikuwa humo ndani, na hakuuliza hata kama nina nakala! Nilichukua laptopu yangu nikaondoka. Mpaka leo nikipita lile duka moyo unaniuma, maana najua wapo waliokubali.

Kazi yenyewe ni fupi. Tafuta faili la AppImage la toleo hilo la 1.9.0.1, yaani programu nzima ndani ya faili moja. Hilo hubeba ndani yake maktaba za zamani, yaani vipande ambavyo programu huvitegemea, ambazo Ubuntu (aina mojawapo ya Linux) ilishaziondoa, kama GStreamer 0.10. Liruhusu kuendeshwa kama programu. Kuanzia Ubuntu 22.04 unahitaji kwanza kuongeza kifurushi cha libfuse2, kwenye 24.04 kinaitwa libfuse2t64. Kuna pia njia ya Wine, inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux, kwa kutumia toleo la zamani la Scrivener ya Windows, ila mimi sikuihitaji.

Kinachonipa usingizi ni kitu kingine. Mradi wa Scrivener ni folda tu, jina lake linaishia na .scriv. Ingia ndani, fungua Files, kisha Docs: kila kipande ulichoandika kipo pale kama faili la maandishi la RTF lenye namba, na LibreOffice, programu ya kawaida ya kuandikia, inalifungua bila shida. Mpangilio wa sura uko kwenye faili la .scrivx, nalo ni maandishi ya XML. Kwa hiyo programu ikigoma kesho asubuhi, maneno yako hayajaenda popote.

Ndugu zangu waandishi, hili lishikeni. Kabla hujaipenda programu yoyote, uliza inahifadhi maandishi yako kwa namna gani, na kama programu nyingine inaweza kuyafungua. Kisha tunza faili la programu lenyewe kwenye flashi, pamoja na mswada. Usiseme utalipakua tena siku ukilihitaji, kwani kilichoachwa na wenyewe kinaweza kuondolewa mtandaoni bila taarifa. Litunze. Na mtu asifute mashine yako eti kwa sababu haijui. Riwaya zetu za Kiswahili tunaziandika usiku, umeme ukiwepo, baada ya kazi za mchana; hazistahili kupotea mikononi mwa mtu asiyeuliza.

Dada wa Ukerewe, umesema mhariri wako anatumia toleo la 3. Mwombe akutolee nakala ya mradi kwa muundo wa zamani, maana mradi ukishapandishwa kwenda 3, hili letu haliufungui. Au mpelekee RTF, mmalizane. Na ukipanda meli ya Nansio kuja mjini, njoo na flashi. Faili ninalo, nitakunakilia.