Nachora takataka za barabarani, nina shida gani?

SWALI: Shikamoo anti. Mie niko Tandika, jioni nikitoka kazini navaa hedfoni naweka taarab nakaa pembeni ya barabara nachora vitu vilivyotupwa, mara kandambili, mara kopo la rangi, watu wananiona chizi. Halafu kandambili zangu zinatoka kama chapati, zimelala tu kwenye karatasi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Chizi wapi! Nairobi yupo Cyrus Kabiru, anaokota mabati na nyaya zilizotupwa anatengeneza miwani ya sanaa, kazi zake zinaonyeshwa hadi nje ya nchi, kwa hiyo waache wacheke.

Sasa hiyo chapati yako ni kwa sababu unachora umbo la nje tu basi. Itazame kandambili vizuri, kisigino kimelika upande mmoja, mkanda umechomoka, pale kwenye dole gumba pana shimo, na chini ya ukingo kuna kivuli cheusi kabisa, anza na hicho kivuli kwa penseli laini, 4B au 6B, HB ile ya kawaida ni ngumu, itakuchosha bure. Jua la saa kumi na moja linakusaidia, la saa sita halina kivuli cha maana.

Taarab nakuunga mkono, nyimbo ndefu na mkono unatulia. Singeli ina mapigo 200 na zaidi kwa dakika, hiyo weka ukitaka michoro ya harakaharaka tu. Ila sikio moja liache wazi mama, bodaboda hazina adabu.