Nikizima taa, mawazo yanaanza kukimbizana

SWALI: Nina miaka 34, ni mhasibu. Mwaka jana daktari alinigundua nina ADHD (hali ya ubongo inayofanya umakini na utulivu kuwa mgumu), na natumia dawa. Usiku nikipanda kitandani tu, kichwa kinajaa: hesabu za ofisini, ada ya mtoto, maneno niliyomjibu dada yangu. Nimejaribu kutulia na kuhesabu pumzi, nazidi kuvurugika. Nifanyeje? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Pole sana, dada. Kutulia kimya huwashinda wengi wenye hali yako, wala si uzembe. Kumbukumbu ya muda mfupi inapokuwa dhaifu, huenda akili ikarudiarudia jambo ili lisipotee. Usihangaike kuinyamazisha, iwekee mahali pa kutua mzigo.

Saa moja kabla ya kulala, chukua daftari na kalamu. Simu iache, maana ukiishika utaishia WhatsApp. Kwa dakika 10 andika kila kinachopita kichwani, bila mpangilio. Kisha, na hapa ndipo wengi wanapokatisha, mbele ya kila jambo andika hatua moja ndogo na siku yake: “Ada: kesho saa 4 asubuhi, nipige simu shuleni.” “Dada: Jumamosi nimpigie.” Orodha tupu inaweza kukuachia wasiwasi. Daftari likae karibu na mto.

Kitandani, badala ya pumzi, upe mwili kazi: kaza nyayo sekunde 5, achia sekunde 10, kisha mashavu ya miguu, mapaja, hivyo hivyo hadi usoni. Zikipita kama dakika 20 bila usingizi, toka chumbani, kunja nguo kwenye mwanga hafifu, urudi macho yakiwa mazito. Ukiendelea kugaagaa, mwili utazoea kukesha kitandani.

Chai na kahawa ziishie mchana. Saa 5 hivi baada ya kunywa, karibu nusu ya kafeini, kichangamshi kilichomo ndani yake, bado imo mwilini. Na dawa yenyewe ichunguze. Methilifenidati ya muda mfupi, moja ya dawa za ADHD, hufanya kazi kwa takriban saa 4: ukiimeza jioni hufukuza usingizi, na kwa wengine mawazo huja kwa kasi inapokwisha nguvu. Kwa wiki moja andika saa unayomeza na saa mawazo yanapoanza, umpelekee daktari. Usibadili dozi mwenyewe.

Ila ukiona unapata usingizi wa saa 2 au 3 tu kwa siku kadhaa mfululizo na bado una nguvu tele, unaongea mbiombio na kutapanya pesa, usisubiri miadi. Huenda ni ugonjwa mwingine, na dawa za ADHD zinaweza kuuchochea. Hapo Dodoma, nenda Hospitali ya Mirembe, ya magonjwa ya akili.